Eti nilikuwa nimelala hospitali, nalipwa

Shikamoo Baba Mdogo, na wengine wote wa ukoo hapo Uyole, Mbeya, salamu. Ile sauti yako nimeisikiliza mara tatu. Eti "kijana kalazwa kwa Wazungu mwezi mzima, anakula, analala, mshahara unaingia, hela ya mabati iko wapi?" Sijakasirika. Haya, nimekasirika.

Baridi siigusi. Mtu wa Uyole akilalamikia baridi ya Uingereza atachekwa. Niseme hela.

Hospitali kweli sikulipa hata senti, hapo uko sahihi. Lakini mshahara haukuingia. Kilichoingia ni malipo ya ugonjwa ya kisheria, mwaka huo wa 2024 pauni 116.75 kwa wiki, na siku tatu za kwanza ulikuwa hupewi kitu. Chumba nalipa pauni 130 kwa wiki. Wewe unauza mpunga, piga hesabu.

Na hizo siku tatu ndizo zilizotaka kuniua. Kiti cha magurudumu cha mzee ninayemhudumia kilinikwaruza kwenye muundi, kijeraha kama cha kuparuliwa na kuku. Kesho yake mguu mwekundu, wa moto, ngozi imekaza inang'aa. Kwa kuogopa siku zisizolipwa, nikameza panadoli nikaenda kumbadilisha mzee nepi. Ndiyo, nepi. Hiyo ndiyo "kazi ya hospitali" mnayowatangazia watu kanisani. Usiku wa nne natetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta, nikajua ni malaria, utadhani niko Kyela. Mfilipino tunayeshirikiana nyumba akaniuliza jina langu, nikamjibu "ndaga fijo", yaani "asante sana" kwa Kinyakyusa. Akapiga simu ya ambulansi.

Wanaita sepsisi. Mwili unapigana na maambukizi mpaka unaanza kujipiga wenyewe. Presha ilishuka, figo zikagoma, siku tisa ICU, chumba cha mahututi, nimefungwa mashine ya kusafisha damu. Nilipotoka, ngazi za nyumbani nilikuwa nazipanda kwa makalio. Nywele zinabaki kwenye mto. Namba ya siri ya benki ikanitoka kichwani kabisa, ndiyo ile Januari hela haikuja mkasema nimepata mwanamke.

Wiki ya saba nikarudi kazini miguu inagongana, kwa sababu kwa viza yangu mwajiri akiniondoa nina siku 60 za kupata mwingine au kufungasha. Deni la chumba nimelimaliza Septemba. Mpaka leo kucha la dole gumba la mguu lina mfereji katikati, unapanda taratibu kuelekea nchani.

Na wewe mdogo wangu unayetaka kuuza shamba la parachichi la Tukuyu umpe wakala: usije. Viza ya kazi hii wameifunga kwa waombaji wa nje tangu Julai 2025, huyo wakala anakuibia mchana kweupe. Lakini ukipata njia ya halali, ya shule, njoo, nitakupokea, utalala kwangu, tutapika ndizi. Ila uza mahindi, shamba usiuze. Kwa kweli usije.

Mama, nimeambiwa na majirani, si na wewe, kwamba ulijikata mguu na jembe wiki iliyopita na bado unapalilia. Mimi nilijikaza hivyo hivyo. Wekundu ukipanda, ukitetemeka, ukihema haraka, ukianza kuchanganya maneno au mkojo ukipungua, usingoje kuche, nenda hospitali, na wasikupake majani. Waambie madaktari moja kwa moja kwamba una kidonda. Baba Mdogo, kwa hilo nakuomba kwa heshima zote, mpeleke wewe mwenyewe mpaka hospitali ya Rufaa, gari unalo.

Nitumieni picha ya huo mguu leo, mchana, penye mwanga. Hela ya mafuta na ya dawa imeshatoka, angalieni simu. Ni ile niliyokuwa nimeitenga ya mabati.