Shangazi, huko kwa mwanasaikolojia watanifanya nini?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 29, naishi Kimara, kazi yangu iko Posta. Miezi mitatu iliyopita, ndani ya Mwendokasi tukiwa Magomeni, moyo ulianza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi ikakata, nikajua nakufa. Imenirudia mara nne. Nimepimwa moyo, damu na presha, vyote vizima. Siku hizi basi sipandi, naenda kazini kwa bodaboda na mshahara unaishia barabarani. Daktari ameniandikia CBT kwenye kliniki binafsi, miadi ni Alhamisi. Mama anasema hilo ni jini, na watu wakisikia watasema nimerukwa na akili. Huko watanifanya nini? Binti wa Kimara.*

Marahaba, mwanangu. Hakuna atakayekulaza kitandani, kukuchoma sindano wala kukupumbaza mpaka utoboe siri zako. Wewe utakaa kwenye kiti, naye atakaa kwenye kiti, mtazungumza kama dakika 50. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Akiona zinahitajika atakuelekeza kwa daktari wa magonjwa ya akili, na hata hapo hujawa mwehu.

Hiyo CBT ni tiba ya utambuzi na tabia. Iliasisiwa miaka ya 1960 na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Philadelphia, Marekani. Aliona kwamba wagonjwa wake wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, walikuwa na mawazo mafupi yanayopita kichwani upesi, wanayaamini kabla hawajayachunguza. Sasa rudi Magomeni. Moyo ulidunda, wazo likapita: nakufa. Wazo likaleta hofu, hofu ikauchochea moyo, nawe ukaona ushahidi kwamba kweli unakufa. Kisha ukashuka, hali ikatulia, ukaamini kwamba kushuka ndiko kulikokuokoa. Tangu siku hiyo bodaboda ndiyo imekuwa dawa yako, na dawa hiyo ndiyo inayoilisha hofu.

Alhamisi ni siku ya kujuana. Utajaza fomu, na huenda ukapewa madodoso mawili: moja la maswali 9 kuhusu sonona, jingine la maswali 7 kuhusu wasiwasi. Kila swali unachagua namba, 0 hadi 3, kwa jinsi ulivyokuwa wiki mbili zilizopita. Nakusihi uyajibu kwa ukweli. Tumelelewa kujibu "nzuri" hata nyumba ikiwa inaungua, lakini pale ukijibu "nzuri" utakuwa umelipia kikao bure. Swali la 9 la sonona linauliza kama katika wiki hizo mbili umekuwa ukiwaza ni heri ufe au ujidhuru. Kama yapo mawazo hayo, yaseme siku hiyohiyo. Na yakikuzidi kabla ya Alhamisi, nenda hospitali iliyo karibu, usisubiri miadi. Utakayoyasema yanabaki humo chumbani, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini.

Wengi hawategemei kwamba watapewa kazi ya nyumbani. Mimi nilipoanza kwa mwanasaikolojia wangu wa pili, baada ya ajali ya gari iliyoniacha siwezi kuvuka barabara, nilipewa karatasi ya safu nne: nilikuwa wapi, nini kilipita kichwani, mwili ulifanya nini, nikafanya nini. Wiki ya kwanza niliirudisha tupu, nimeikunja vipande vinane kwenye pochi, naona aibu kama mtoto wa shule. Yule dada hakunigombeza. Aliikunjua, akainyoosha mezani kwa kiganja, akasema, "Tujaze ya leo asubuhi." Pona yangu ilianzia hapo.

Baadaye anaweza kukuambia upumue kwa mrija, au ukimbie palepale uliposimama mpaka moyo udunde. Usishangae. Anataka ujionee mwenyewe kwamba moyo unaweza kudunda hivyo na ukabaki hai. Kisha mtapanga ngazi, na utaipanda polepole: siku moja kusimama tu kituoni Kimara bila kupanda, siku nyingine kwenda hadi Korogwe, halafu Ubungo, halafu Magomeni penyewe, mpaka uende Kivukoni asubuhi watu wamebanana. Hofu ikipanda, hushuki. Unakaa nayo mpaka ipungue yenyewe, na itapungua, maana mwili hauwezi kubaki kileleni. Ni kazi ngumu, sikufichi. Kuna wiki utamchukia huyo mwanasaikolojia.

Suala la pesa limalize kwa simu kabla hujaenda. Uliza kikao ni shilingi ngapi, kama bima yako inalipia, na kama unatozwa ukikosa kufika. Kwa kawaida vikao huwa mara moja kwa wiki, kati ya 6 na 20. Una haki pia ya kuuliza amesomea nini na mpango wake kwako ni upi. Vikipita vikao vinne mnapiga soga tu, hakuna lengo wala kazi ya nyumbani, mwambie. Asipobadilika, tafuta mwingine. Mimi wangu wa kwanza nilimwacha. Na mfuko ukikwama usiache tiba, Muhimbili wana idara ya afya ya akili.

Mama usibishane naye. Anaogopa kukupoteza, na jini ndilo jina alilonalo kwa hofu hiyo. Mwambie, "Mama, dua yako naihitaji, na Alhamisi naomba unisindikize mpaka mapokezi." Majirani hawana haja ya kujua.

Beba majibu ya vipimo na orodha ya dawa unazotumia. Kisha niandikie baada ya kikao cha tatu. Usiniandikie baada ya cha kwanza, maana siku hiyo utatoka umechoka tu, na huenda ukadhani haikusaidia.