Kabla Hujaandika Andiko la Ruzuku ya Usafiri Safi California

Nilipoanza kazi hii ya kuomba ruzuku za miradi ya usafiri nilidhani ruzuku ni fedha zinazoingia benki kwanza, halafu mradi ndio uanze. Kila mwaka nakutana na vijana wapya kwenye mashirika madogo, na ndugu zetu wenye lori moja au mawili ya kubeba makontena bandari ya Long Beach, nao wana dhana hiyohiyo. Basi nianzie hapo, maana hapo ndipo watu wanapopoteza fedha zao wenyewe.

Ruzuku nyingi za jimbo hili kwa magari yasiyotoa moshi hulipwa kwa kurejeshewa. Unanunua, unalipa, unapeleka ankara na ushahidi wa malipo, wanakagua, ndipo wanakurudishia. Tume ya Nishati ya California ina mpango wa usafiri safi ulioanzishwa kwa sheria ya 2007, wenye takriban dola milioni 100 kwa mwaka. Kwa kawaida huzuia asilimia 10 ya malipo mpaka kazi yote iishe na ripoti ya mwisho ikubaliwe. Mradi wetu ulikuwa wa mabasi madogo manne ya umeme, pamoja na chaja zake, kwa ajili ya kuwapeleka wazee na wagonjwa hospitali kutoka miji ya mashambani karibu na Fresno. Mkandarasi alitaka alipwe ndani ya siku 30. Sisi tulikaa miezi tukisubiri kurejeshewa. Mkurugenzi akakopa ili mishahara isisimame, na riba ya mkopo ule haikuwemo kwenye bajeti iliyoidhinishwa, kwa hiyo tuliibeba wenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika sentensi ya kwanza ya andiko, chora jedwali la miezi: kila mwezi nini kinatoka, nini kinaingia, na ile asilimia 10 uiweke mwisho kabisa. Ukiona mwezi ambao huwezi kuuvuka, tafuta halmashauri ya mji au shirika la mabasi la umma liwe mwombaji mkuu, nawe uwe mshirika chini yake. Hakuna aibu katika hilo. Abiria wako hajali jina la nani limetangulia kwenye mkataba.

Jambo jingine la fedha: kutangazwa kuwa umependekezwa kupewa ruzuku si mkataba. Baada ya tangazo, makamishna wa Tume hupiga kura katika kikao cha wazi, kisha mkataba huandaliwa na kusainiwa, na mradi lazima uwe umepitia sheria ya mazingira ya California ya 1970, ile inayoitwa CEQA. Gharama unayoingia kabla ya mkataba kusainiwa ni yako. Namfahamu mwenzetu aliyeagiza chaja wiki ya tangazo kwa furaha tu. Hakurudishiwa hata senti.

Kwa mwenye lori moja, njia ya vocha ni nyepesi zaidi. Katika HVIP, mpango wa vocha za malori na mabasi safi ulio chini ya Bodi ya Rasilimali za Hewa ya California, muuzaji wa magari ndiye anayeomba vocha, na kiasi hicho hukatwa kwenye bei unapolinunua lori. Mpango wa Carl Moyer, wa tangu 1998, ni tofauti: mara nyingi hukusaidia kubadilisha lori la dizeli kwa sharti kwamba lile la zamani liangamizwe. Bloki ya injini hutobolewa na chasisi hukatwa. Mwambie mwenye lori mapema, uso kwa uso. Nimemwona mzee aliyelea watoto wake kwa lori lile akisimama kando bila kusema neno fundi akiwasha msumeno. Hata hivyo sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunajua magari yaliyochoka huko nje huishia wapi, na ni watoto wa nani wanaovuta moshi wake.

Sasa umeme, ambao naona ndio mradi wenyewe. Gari unaweza kulipata kwa miezi, lakini transfoma, mtaro wa nyaya na kibali cha kampuni ya umeme vinaweza kupita mwaka. Mabasi yetu yalifika yakakaa uani miezi saba yamefunikwa turubai, huku wagonjwa wakiendelea kuomba lifti kwa majirani. Kosa letu lilikuwa dogo: tulikuwa tumeandika kwenye andiko kwamba eneo lina umeme wa kutosha kwa sababu mwenye jengo alituambia hivyo. Pata jibu la maandishi kutoka kampuni ya umeme kabla dirisha la maombi halijafungwa, na barua ya mwenye kiwanja inayokubali uchimbe kwake.

Halafu ujifunze hesabu hii hata kama wewe si fundi, kwa sababu wauzaji wa chaja wataifanya kwa faida yao. Chaja nne za kilowati 150 zikiwaka pamoja zinavuta kilowati 600, mzigo unaoweza kudai transfoma mpya. Lakini basi dogo lenye betri ya kilowati-saa 120, likilala uani kwa muda wa saa kumi za usiku, linahitaji kilowati 12 tu, na kidogo cha ziada kwa umeme unaopotea njiani. Kwa mabasi manne hiyo haifiki hata kilowati 60. Tulikuwa tumeomba chaja za haraka kwa sababu zilionekana za kisasa. Tulipopunguza, foleni ya kusubiri umeme nayo ikafupika. Anza na ratiba ya gari, ndipo uje kwenye chaja.

Bei ya ufungaji pia usiikadirie kwa mazoea. Kazi za umma hapa hulipwa ujira uliopangwa na jimbo, na tangu Januari 2022 chaja nyingi zinazolipiwa na jimbo zinataka mafundi umeme wenye cheti cha EVITP, yaani cha mafunzo ya kufunga chaja za magari ya umeme. Uliza mkandarasi wako anao wangapi.

Kuhusu uandishi wenyewe nitasema machache. Fuata vigezo vya alama kwa mpangilio uleule, hata vichwa vya habari vifanane, kwa sababu msomaji anatafuta mahali pa kukupa alama. Kwa Tume ya Nishati, ukipata chini ya asilimia 70 ya alama umetoka. Hudhuria warsha ya kabla ya maombi na uulize hapo, kwani muda wa maswali ukipita hakuna ofisa atakayekujibu pembeni. Pakia faili siku moja kabla.

Kigezo cha manufaa kwa jamii usikijaze maneno matamu. Kuna ramani ya jimbo iitwayo CalEnviroScreen inayopanga maeneo kwa mzigo wa uchafuzi na hali ya maisha ya wakazi, na kimsingi asilimia 25 yenye mzigo mkubwa zaidi ndiyo huhesabiwa kuwa jamii zilizoelemewa. Onyesha njia za basi lako juu ya ramani hiyo. Bonde la San Joaquin lina hewa mbaya kuliko karibu sehemu yoyote ya Marekani; wazazi wa huku wanajua inhela ya mtoto imelala wapi gizani. Waache waseme wenyewe. Ombi letu la kwanza lilikuwa na barua tisa za kuungwa mkono, zote zikiwa na maneno yaleyale tuliyowaandikia watu wasaini. Lilianguka.

Aliyekosa anaruhusiwa kuomba kikao cha kuelezwa alipoteza alama wapi. Omba. Tulienda na daftari, na ofisa akatusomea udhaifu mmoja baada ya mwingine kwa upole. Mara ya pili tuliweka barua tatu tu, mojawapo ya muuguzi wa kliniki ya kusafisha figo, aliyeeleza kinachompata mgonjwa anapokosa usafiri mara mbili mfululizo. Ombi hilo likapita. Mabasi yale sasa yanatoka uani saa kumi na moja alfajiri kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na wagonjwa wake ndio wa kwanza kupanda.