Moto uje mwisho: kwa anayeanza na vichwa vidogo vya treni ya mvuke

Kichwa changu cha kwanza nilikiwasha siku ileile nilipokipata. Nikajaza maji ya bomba, nikamimina spiriti kwenye taa yake, nikapiga kiberiti. Dakika kumi baadaye sindano ya geji ilikuwa bado imelala kwenye sifuri, na mvuke ulikuwa ukitoka kila mahali isipokuwa ulikotakiwa. Nilipokifungua nilikuta nati mbili zimelegea na pete ya mpira imekauka kiasi cha kukatika ukiigusa. Yote hayo ningeyajua kwa vidole vyangu, kichwa kikiwa baridi. Tangu hapo kila anayeniuliza aanzie wapi namjibu hivyo: moto uje mwisho.

Kabla ya kununua, amua ukubwa. Ukubwa hutajwa kwa upana wa reli. Reli ya milimita 16.5 ni ya vichwa vya mezani, na karibu vyote huendeshwa kwa umeme hata kama vina sura ya mvuke. Mvuke wa kweli huanza kustarehe kwenye milimita 32 na 45. Ukifika 89, 127 na 184 sasa unakalia behewa na kuvutwa mwenyewe. Mimi humshauri mgeni milimita 45, na kichwa cha gesi au spiriti, si cha makaa. Na achukue kilichokwisha tumika, ambacho bado kinatembea. Kujenga kutakuja. Anayeanza kwa kujenga hajui kichwa kizima kinavyosikika, kwa hiyo hata chake kikikohoa atadhani ndivyo kilivyo.

Usidhani kidogo ndicho rahisi. Punguza urefu wa kichwa mara 10, eneo la nje la boila (tangi la kuchemshia maji) linapungua mara 100, lakini maji yaliyomo yanapungua mara 1,000. Maana yake kila tone la maji lina ngozi kubwa zaidi ya kupotezea joto. Ndiyo sababu zamani wengi hawakuamini kwamba boila ndogo ya makaa ingeweza kuvuta mtu mzima, hadi Mwingereza Curly Lawrence, aliyekuwa akiandika kwa jina la LBSC, alipowaonyesha miaka ya 1920. Huyohuyo ndiye aliyechora Tich, kichwa cha magurudumu manne cha reli ya milimita 89. Wajenzi wapya hukikimbilia kwa sababu ni kidogo. Kwangu mimi udogo wake ndio mtihani wenyewe, maana hakuna mahali pa kupitisha spana.

Haya, kichwa kiko mezani. Fungua fito zinazotoka kwenye silinda, kiweke juu ya kioo, kisha kisukume polepole kwa kidole kimoja. Kiendeshe hatua kama ishirini hivi huku umefumba macho. Unatafuta mahali pa kusita. Kishikio (pini inayoshika fito) cha gurudumu la kushoto na cha la kulia hutofautiana nyuzi 90, ili pistoni moja ikifika mwisho wa safari yake nyingine iwe katikati, yenye nguvu. Haijalishi sana kama ni 90 kamili au 89. Linalojalisha ni kwamba ekseli zote zilingane. Ikiwa moja imepotoka hata kidogo, fito zinazounganisha magurudumu zitabana mara mbili katika kila mzunguko. Mimi nilipokuta hali hiyo nilichukua tupa nikapanua matundu ya fito. Kusita kukaisha kweli, kukaja kugonga, na hakujaisha hadi leo. Dawa ilikuwa kulegeza gurudumu na kulipanga upya.

Kikishateleza, rudisha fito na uendeshe silinda kwa hewa ya pampu, presha ndogo tu. Sikiliza: pumzi nne zilizo sawa kwa kila mzunguko, kwa kichwa cha silinda mbili. Pumzi moja ikiwa dhaifu, rekebisha vali za kugawa mvuke sasa, kabla hujaunguza vidole.

Boila ni jambo jingine, na hapo hakuna mzaha. Hewa usiitumie kabisa kupima boila. Hewa iliyobanwa huhifadhi nguvu kama springi. Boila ikipasuka inarusha vipande. Maji hayabaniki, kwa hiyo boila mbovu ikijazwa maji hadi juu, bila mapovu, na kusukumiwa pampu ya mkono, itadondosha tone na sindano ya geji itashuka. Basi. Boila mpya hupimwa kwa maji mara mbili ya presha yake ya kazi. Ya zamani kwa kawaida mara moja na nusu. Vali ya usalama, inayotoa mvuke presha ikizidi, usiikaze kwa kuwa "inafunguka mapema". Boila ya shaba nyekundu inayofanya kazi kwenye presha ya baa 3 au 4 hulehemiwa kwa lehemu ya fedha, inayohitaji zaidi ya nyuzi joto 600 kuyeyuka. Ukikuta mtu aliyetangulia ameziba ufa kwa lehemu laini ya kawaida, hiyo ni boila ya kupeleka kwa anayejua, si ya kuwashwa. Na skrubu za shaba ya njano ndani ya boila ni adui wa kimyakimya: maji ya moto hunyonya zinki yake, inabaki kitu chekundu kinachomeguka. Tumia bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati.

Maji ya bomba yenye chokaa huacha ukoko. Tumia ya mvua yaliyochujwa vizuri. Wengine hutumia maji ya betri. Soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa zinazofanana.

Kuhusu ukarabati wa vya kale nitasema machache. Boila iliyovikwa kitambaa cha kijivu chenye nyuzi usikifumue: huenda ni asbesto. Sehemu za kumimina za zinki za miaka ya 1920 na 1930 mara nyingi huvimba na kupasuka zenyewe kwa uchafu wa risasi uliokuwa ndani ya zinki. Hakuna gundi itakayoziponya, tafuta nyingine. Na rangi ya kiwandani, hata iliyochubuka, iache. Nimewahi kukwangua rangi ya kichwa kimoja kwa msasa, nikakipaka upya kikang'aa vizuri sana, kisha mkusanyaji mmoja akakitazama, akakirudisha mezani bila kusema neno.

Sasa moto. Mafuta ya kulainisha silinda kwanza: ya mvuke, mazito, si ya injini ya gari, ambayo hugeuka mepesi kama maji yakipata joto. Kikopo cha mafuta hayo kilicho kwenye kichwa hujiendesha chenyewe: mvuke huingia, hugeuka maji, maji huzama chini na kuyainua mafuta yaelekee kwenye silinda. Kwa hiyo kila baada ya safari fungua skrubu ya chini yatoke maji meupe kama tui, ndipo ujaze tena. Gesi ijaze mbali na moto wowote. Spiriti iogope mchana, kwa sababu juani mwali wake hauonekani. Tundu la gesi likiziba usilichokonoe kwa sindano. Lipulize kwa hewa kutoka nyuma.

Presha ikipanda, kichwa hakitaondoka mara moja. Silinda ni baridi, mvuke unageuka maji ndani yake. Kisukume kwa mkono mbele na nyuma, taratibu, hadi kiteme maji yale machafu yenye mafuta kupitia bomba la moshi. Shati jeupe siku hiyo usivae.