Violet: ua lilitangulia, rangi ikafuata

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba unafasiri kitabu cha watoto kuhusu mimea na mwanga, na kwamba neno violet limekutatiza kwa sababu katika ukurasa mmoja ni ua, katika ukurasa mwingine ni rangi ya upinde wa mvua, na mwishoni limejichomeka ndani ya jina la mionzi. Umeuliza kipi kilianza kati ya ua na rangi, na Kiswahili kishike neno lipi. Kabla ya kuingia katika ufasiri nilikuwa nikiwatembeza wapenzi wa mimea katika msitu wa Amani, mkoani Tanga, kwa hiyo nimelikuta neno hili msituni na mezani pia, na ninaomba uniruhusu nijibu kwa kirefu.

Ua ndilo lililoanza. Warumi waliita viola mimea midogo yenye maua ya harufu nzuri. Wafaransa wakaipa sura ya udogo wakapata violette, na kwao ndiko Waingereza walikochukua violet. Waitaliano wamebaki na viola, Wahispania na Wareno wana violeta. Wajerumani waliliazima mapema kiasi kwamba limegeuka kuwa Veilchen, kisha baadaye wakaazima violett kutoka Kifaransa kwa ajili ya rangi, na leo msemaji wa kawaida wa Kijerumani hutumia maneno yote mawili bila kuhisi kwamba yana asili moja. Fialka ya Warusi, fiołek ya Wapoland na ibolya ya Wahungaria zinarudi kwenye viola ileile. Wagiriki nao walisema ion, ambalo zamani lilianza na sauti ya w, yaani wion, na wanaisimu wengi wanaliona kuwa la ukoo mmoja na neno la Kilatini.

Ushahidi ninaoupenda zaidi kwamba ua lilitangulia umo katika sarufi. Muitaliano hubadili mwisho wa kivumishi cha rangi kulingana na nomino, lakini akifika kwenye viola habadilishi chochote: viatu ni viola, gari ni viola, macho ni viola, kwa sababu neno hilo bado ni jina la kitu, nalo halijawahi kuwa kivumishi kamili. Sisi Waswahili tunapaswa kulielewa jambo hili haraka kuliko wengi. Tunasema shati jeupe, vitambaa vyeusi, kanga nyekundu, na hapo orodha yetu ya rangi zinazochukua upatanisho inakwisha. Zilizobaki tunazifunga kwa kiunganishi cha -a, rangi ya kijani, ya kahawia, ya machungwa, ya zambarau, na karibu kila moja ukiifuata nyuma utakuta jani, kinywaji au tunda. Rangi inayohitaji kuegemea kitu ili itajike ni rangi iliyopata jina lake baadaye. (Neno viola lenye maana ya ala ya muziki, linalofanana kabisa na jina la ua katika Kiitaliano, lina asili nyingine, tafadhali usiliingize katika maelezo ya kitabu chako.)

Upande wa mashariki, nje ya Ulaya, mambo yalikwenda hivyohivyo kwa neno tofauti kabisa. Waajemi waliliita ua hilo banafsha. Waarabu walilichukua likawa banafsaj, na kwa kuongeza ile i yao ya unasaba wakapata banafsaji kwa rangi. Waturuki waliligeuza kuwa menekşe, Waarmenia wana manushak, na kwa Kiurdu banafsha ni jina linalojulikana hadi leo katika maduka ya dawa za asili, ambako ua lililokaushwa huchemshwa kwa ajili ya kikohozi. Katika Kijojia ua linaitwa ia na rangi ni iisperi, maana yake hasa ni rangi ya ia. Wajapani wana sumire kwa ua, lakini hapo njia inapinda, kwani rangi yao kuu ya jamii hii ni murasaki, jina la mmea mwingine ambao mizizi yake ilitumika kutia nguo rangi. Majina ya watoto wa kike yamefuata nyuma: Banafsheh kwa Waajemi, Ibolya kwa Wahungaria, Sumire kwa Wajapani, na kwetu Viola na Violet, ambalo Watanzania wengi hupenda kuliandika Violeth.

Jina hili limefika hata kwenye chumvi yetu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois, alipokuwa akishughulikia majivu ya mwani, aliona mvuke wenye rangi ya ua hilo ukipanda kutoka kwenye chombo, na kitu kilichotoa mvuke huo kikapewa jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kufanana na ion. Ndiyo iodini, madini joto yanayoandikwa kwenye pakiti ya chumvi dukani.

Sasa nije Tanga, kwa sababu ndipo neno hili lilipofanya safari yake ya ajabu zaidi. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Wajerumani aliyekuwa Tanga, aliukuta katika maeneo ya Usambara mmea mdogo unaoota kwenye miamba yenye kivuli, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, aliuandika rasmi na kuupa jina Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza inaihifadhi familia ya ofisa yule. Ya pili ni ion tena, yaani mmea wenye maua kama ya violet.

Mmea huo si violet hata kidogo, na mtu akiinama auangalie kwa karibu hawezi kukosea. Ua la viola lina kijifuko kinachochomoza nyuma ya petali ya chini, humo nekta hukusanyika. Ua la Usambara halina kijifuko hicho, lakini katikati lina vifuko viwili vya chavua vya rangi ya manjano kali, vinavyoonekana kutoka mbali kidogo hata katika giza la msitu. Majani yake ni mazito, yana manyoya laini yanayoshika matone ya maji, na yamejipanga duara yakiwa yamelala karibu na mwamba. Jani moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevunyevu hutoa miche, na ndiyo sababu umeenea katika madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani kwa urahisi mkubwa. Hauna undugu na viola. Ni wa ukoo wa Gesneriaceae, na tangu mwaka 2015 wataalamu wameuingiza ndani ya jenasi ya Streptocarpus. Kilichowapa watu jina ni rangi peke yake.

Nilipokuwa nikiwafikisha wageni kwenye miamba karibu na vijito, nilikuwa na desturi ya kuuliza kila mmoja huu kwao unaitwaje. Mjerumani alisema Usambaraveilchen, Mnorwe usambarafiol, Mrusi uzambarskaya fialka, na nilifurahi kila mara kusikia mlima wetu katika vinywa vya watu wa mbali. Wazungumzaji wa Kiingereza na Kihispania walisema ni violet ya Afrika, jina ambalo kwangu ni la uvivu, kwa kuwa bara ni kubwa na mmea huu kwa asili uko Tanzania na Kenya tu. Mholanzi alisema Kaaps viooltje, na Wahungaria wana fokföldi ibolya, yote mawili yakimaanisha violet ya Rasi, Afrika Kusini, mahali ambapo mmea huu hauoti wenyewe kabisa. Wafini wameachana na violet wakauita paavalinkukka, ua la Paulo. Ninaona Wafini, hata bila kutaja Usambara, ndio wakweli zaidi upande wa botania, na Wajerumani ndio wakweli zaidi upande wa mahali.

Pamoja na hayo, usiandike kwamba viola wa kweli hawapo Afrika Mashariki. Viola abyssinica huota katika nyanda za juu zenye baridi, Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwamo, na Viola eminii anapatikana pia katika milima yetu. Ni vimea vidogo vya kutambaa, maua yake yamefifia, na watu wengi hupita juu yake bila kuyaona. Kwa maoni yangu ndiyo sababu ua hili halikuweza kutupa sisi jina la rangi.

Tulilitafuta kwingine, tukapata mawili. La kwanza ni zambarau, kutoka kwenye tunda la mzambarau, mti wenye asili ya Asia Kusini ambao umekuwa wetu. Aliyekula tunda hilo utotoni anakumbuka ulimi uliogeuka rangi. La pili ni urujuani, kutoka Kiarabu urjuwan, ambalo katika Kiajemi ni arghavan, mti unaochanua maua ya zambarau yenye wekundu.

Hapa kuna tofauti ambayo kitabu cha mwanga hakiwezi kuiruka. Zambarau ya wafalme, ile anayoiuza Lidia wa Thiatira katika Biblia, ilitoka kwa konokono wa baharini, na katika mwanga ni mchanganyiko wa nyekundu na buluu. Haimo katika upinde wa mvua. Ile aliyoiweka Newton mwisho wa rangi zake saba, katika kitabu chake cha mwaka 1704, ni rangi safi iliyo ukingoni kabisa mwa mwanga tunaouona. Mwaka 1801 Johann Wilhelm Ritter aligundua kwamba kupita ukingo huo kuna mionzi isiyoonekana inayoifanya kloridi ya fedha iwe nyeusi, nasi kwa Kiswahili tunaiita mionzi ya urujuanimno.

Kwa kuwa neno urujuanimno tayari limo katika msamiati wa sayansi, ningeweka urujuani kwa rangi ya saba ya upinde wa mvua, ili mtoto aone mwenyewe mionzi hiyo iko ng'ambo ya nini. Zambarau ningeiacha kwa nguo, matunda na michoro, kama watu wanavyosema kila siku. Ua la Ulaya ningeliita viola, kwa herufi za kawaida, na chini ya picha yake niongeze kwamba ndilo lililozipa lugha nyingi jina la urujuani. Na endapo picha hiyo ina majani mazito yenye manyoya na vifuko viwili vya manjano katikati, basi mchoraji amechora ua la Usambara. Mwombe abadilishe picha, au wewe ubadilishe maelezo na utaje Tanga.