Nani Alilipa? Mhariri anajibu barua za wasomaji

SWALI: Shikamoo Bibi Mhariri. Nimeandika riwaya ya fantasia yenye sura 31. Shujaa wangu ni muuaji wa kukodiwa, jina lake la kazi ni Kimya, na amejaliwa uwezo wa kupotelea ndani ya kivuli chochote kinachoenea mwili wake. Mji wake una wakuu wawili wa magenge, Mama wa Daraja na Mzee wa Bandari. Wanagombania mji, naye anawatumikia wote wawili bila wao kujua. Marafiki zangu watatu wameisoma na wote wameishia sura ya 9. Nimeongeza mapigano mawili, bado wanaishia palepale. Nimekutumia sura hizo tisa. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimezisoma sura zako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na daftari mkononi. Kabla sijawa mhariri nilikuwa karani wa hesabu kwa miaka 11, na mazoea yale hayajanitoka. Nikiona jambo limekaa kombo, napiga mistari. Safari hii nilipata safu nne: aliyekufa, aliyeagiza, aliyelipa, anayejua. Safu ya kwanza imejaa, watu 14. Ya pili ina majina mawili tu. Ya tatu na ya nne ni nyeupe. Marafiki zako wamechoshwa na weupe huo, hata kama hawakuweza kukuambia hivyo.

Katika sura ya 4 Kimya anamuua mfanyabiashara wa chumvi kitandani mwake. Umeiandika vizuri sana. Lile pazia linalotulia polepole baada ya yeye kupita bado naliona. Lakini kunapokucha, hakuna mdai anayekuja kubisha hodi kwa marehemu. Hakuna mjane anayetafuta ufunguo wa sanduku. Mpwa wa marehemu, uliyemtaja kwa sentensi moja, hakimbilii ghala kabla ya wenzake. Tunafungua sura ya 5 na mtu mwingine anakufa. Maiti isiyoacha deni kwa yeyote, msomaji huizika mwenyewe kabla ya kugeuza ukurasa. Ukimzikisha watu 14 kwa namna hiyo, anaweka kitabu chini na kwenda kulala.

Anza na fedha. Mama wa Daraja anamwita Kimya sebuleni, anamtajia jina, Kimya anaondoka. Mwanamke mwenye akili kama unavyomweleza hawezi kufanya hivyo. Anajua kwamba tangu dakika ile ana watu wawili wa kuwaogopa: adui aliyetaka afe, na huyu aliyemtuma, ambaye sasa ameshika siri yake. Atamtafuta mtu wa katikati. Mpe dalali, mwanangu. Dalali anayepokea arubuni, anayejua bei ya kila kichwa mjini, anayekaa na nusu ya pili ya malipo mpaka kazi iishe. Huyo dalali naye mpe madeni yake. Kisha siku moja akutwe amekufa, mfukoni mwake zikiwemo arubuni mbili, ya Mama na ya Mzee, kila mmoja akidai zake na kila mmoja akiuliza ile nyingine ni ya nani. Kimya ataingia katika taabu ambayo hakuna kivuli cha kuificha, wala hukuhitaji pigano hata moja.

Swali la nani aliyetuma hudumu kuliko kisu. Tarehe 28 Aprili 1192, katika mji wa Tiro, Lebanon ya leo, wakati wa Vita vya Msalaba, mtawala Mkristo Conrad wa Montferrat alichomwa visu na watu wawili waliojifanya watawa. Alikuwa ameshachaguliwa kuwa mfalme wa Jerusalem, taji lilikuwa bado. Kundi walikotoka wauaji lilijulikana. Aliyewaagiza ndiye hakujulikana: wako waliomtaja Sultani Salahuddin, wako waliomtaja Mfalme Richard wa Uingereza. Kabla mwaka haujaisha Richard alikamatwa akipita Austria, na kifo kile kikawa miongoni mwa mashtaka dhidi yake. Wanahistoria wanabishana hadi leo. Kazi ya visu iliisha siku ileile. Tuhuma bado inafanya kazi, na imevuka miaka 800.

Halafu Kimya hakosei. Sura tisa, watu 14, hajakosa hata mmoja! Mwache akose. Mwaka 1176, karibu na Azaz kule Shamu, wauaji wa kundi hilohilo walimfikia Salahuddin akiwa kambini mwake katikati ya askari wake. Kisu kilimpata kichwani, akaokolewa na chuma alichovaa chini ya kilemba. Akaenda kuizingira ngome yao ya Masyaf, kisha akaondoka bila kuiteka. Fikiria mtu yule usiku wa baadaye, anasikiliza nyayo za walinzi wake mwenyewe na kuzihesabu. Mtu aliyenusurika anabadilisha vitanda, anafukuza wapishi, anamwangalia kaka yake kwa jicho jingine. Nakusihi, mmoja wa wale 14 mbakize hai.

Sasa uchawi wako, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo penye hazina ambayo hujaichimba. Umesema Kimya anapotea kwenye kivuli, na sura ya 2 inatuambia kwamba mji mzima unajua watu wa aina yake wapo. Kama wanajua, mbona nyumba zao zina giza? Tajiri yeyote mjini humo angewasha taa kila pembe, juu na chini, hata chini ya kitanda, ili pasibaki kivuli cha kutosha mtu. Maskini wasingeweza. Kwa hiyo muuza mafuta ya taa ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote, na wewe umemtaja mara moja tu, sura ya 7, akipita na mtungi kichwani! Nilipofika pale nilisimama, nikaandika pembeni: *huyu hapa.*

Wakuu wako wawili wanagombania "mji". Mji ni neno pana mno, halishikiki. Waache wagombanie mafuta. Mzee wa Bandari anayashusha melini, Mama wa Daraja anaruhusu au anazuia yasivuke mto. Anayepandisha bei anaamua mtaa gani ulale gizani usiku huu, na kwa hiyo nani anaweza kufa. Kimya basi anaanza kuona kwamba vivuli anavyovitumia si bahati. Kuna mtu anayempangia. Kila mlango alioukuta na giza uliuzwa kwake na mtu. Nilipowaza hayo nilipata baridi mgongoni, na hadithi hii ni yako, mimi nimesoma tu kilichokuwa mle ndani.

Dogo la mwisho. Sumu ya sura ya 6 inaua papo hapo na kila mtu anajua ni sumu. Zarniki, yaani aseniki, ile sumu iliyotumika sana zamani, ilimtapisha na kumharisha mtu kwa namna iliyofanana na maradhi ya tumbo. Hadi mkemia Mwingereza James Marsh alipochapisha njia yake ya kuipima mwaka 1836, kuthibitisha kwamba fulani amelishwa sumu kulikuwa kugumu mno. Familia zilibaki zikitazamana mezani. Hicho ndicho chakula cha fitina, usikimwage kwa haraka.

Usiandike upya sura zote. Andika asubuhi ya mfanyabiashara wa chumvi, kurasa nane au tisa, kisha uniletee.

SWALI: Mhariri, salaam. Katika riwaya yangu nataka kikundi cha wauaji wanaovutishwa bangi na kuoneshwa bustani ya peponi ili wakubali kufa. Nimesikia kulikuwa na kikundi cha kweli cha hivyo. Je, niwafuate jinsi walivyokuwa?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Ukitaka kuwafuata jinsi walivyokuwa, bangi itabidi uiache.

Uliosikia habari zao ni Waismaili wa Nizari, Waislamu wa tawi la Shia. Mwaka 1090 kiongozi wao, Hassan-i Sabbah, aliitwaa ngome ya Alamut katika milima ya kaskazini mwa Iran. Miaka miwili baadaye waziri mkuu wa Waseljuki, watawala wa Kituruki wa Iran wa wakati huo, Nizam al-Mulk, alichomwa kisu na mtu aliyevaa kama sufi. Walikuwa wachache wenye maadui wengi na majeshi makubwa mbele yao, wakachagua kumlenga mkubwa mmoja badala ya kupigana na maelfu. Wamongoli waliichukua Alamut mwaka 1256.

Neno la bangi walibandikwa na mahasimu wao, na lilikuwa tusi. Hadithi ya bustani imeenea kupitia msafiri Marco Polo wa Venisi, ambaye ngome ilipoanguka alikuwa mtoto wa miaka miwili hivi. Hakuiona. Tena ipime kwa akili ya kazi yenyewe: mtu wa kujipenyeza katika nyumba ya adui, azoeleke, angoje siku yake kwa miezi, anahitaji kichwa kitulivu kuliko cha jirani zake. Mlevi angejitaja siku ya tatu.

Wenyewe waliitwa fidai, mtu anayeitoa nafsi yake. Neno hilo na fidia yetu vinatoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kwangu mimi neno hilo moja lina riwaya ndani yake kuliko bustani nzima: huyu kijana anajitoa kuwa fidia ya nani, na nani alikadiria thamani yake? Uliza hayo katika sura ya kwanza.

Na nikuombe jambo. Wanizari ni watu walio hai leo, imamu wao ni Aga Khan. Kikundi chako kipe jina, imani na historia uliyoibuni mwenyewe, usimbebeshe mtu babu asiye wake.

SWALI: Bibi Mhariri, mwanangu wa kiume ana miaka 14. Nimekuta daftari lake lina hadithi ya muuaji mwenye visu saba, anayetumwa na majambazi. Nimeshtuka, nimelificha. Nimenakili kurasa kumi uone. Nifanye nini?

JIBU: Mama, nimezisoma zote kumi. Visu ni vingi, kweli, na ukurasa wa 3 damu inapita kiasi. Lakini rudi ukurasa wa 6. Muuaji anarudi usiku kwenye nyumba ya mtu aliyemuua, anaruka ukuta, anamwekea mbwa wa marehemu maji na chakula, kwa kuwa amekumbuka njiani kwamba hakuna mwingine wa kumlisha. Anafanya hivyo siku nne mfululizo, na siku ya tano anakuta watu wanamsubiri.

Waandishi watu wazima wananiletea miswada ya kurasa mia nne isiyo na kitu kama hicho. Mrudishie daftari leo, umwambie umesoma, na umwulize huyo mbwa anaitwaje.