Gwen hakuuawa na kudondoka
Hapana kaka, unasema Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, alipoangushwa toka darajani alishakufa hewani kabla utando wa Spider-Man haujamfikia, sawa, Green Goblin mwenyewe, yule adui aliyemwangusha, ndo anavyodai pale, ila fungua tena kitabu cha katuni cha Amazing Spider-Man namba 121 ya 1973 uangalie karibu na shingo yake utando unapomdaka mguu, pameandikwa sauti ya kitu kuvunjika, kadogo sana! Na kwenye namba 125 wahariri waliwajibu wasomaji kabisa kwamba ni kule kusimamishwa ghafla ndo kulimuua. Kuhusu ni daraja gani nakubali, maandishi yanasema George Washington ila mchoro unafanana na daraja la Brooklyn. Lakini msimwondoe Peter, yaani Spider-Man mwenyewe, kwenye kile kifo jamani, uchungu wake wote umeanzia kwenye mkono wake mwenyewe uliotaka kuokoa