Kwa mwanafunzi mpya wa umeme: fuata njia ya kurudi

Mnaoanza kozi ya umeme, kanuni ya Ohm mtaikariri upesi: volti ni ampea mara omu. Vizuri, ila haitawafikisha mbali kama bado mnadhani umeme huja kwa waya mmoja ukaishia kwenye taa. Mkondo huzunguka. Huingia kwa waya wa moto, hupita kwenye taa, hurudi kwa nyutro. Njia ikikatika popote, kwenda au kurudi, taa haiwaki.

Kuna tatizo moja mtakalolikuta mtaani mapema. Soketi haifanyi kazi. Unaingiza testa tundu la moto, inawaka. Tundu la nyutro, inawaka pia! Wengi hapo husema kuna shoti. Sivyo. Nyutro imekatika kabla ya kufika kwenye soketi, na kwenye laini hiyohiyo kuna taa au friji ambayo haijazimwa. Moto unapita ndani ya kifaa hicho, unatokea upande wa nyutro na kukosa pa kwenda. Ukipima kwa mita, kati ya moto na nyutro hupati kitu, lakini kati ya nyutro na ethi (waya unaokwenda ardhini) unapata karibu volti 230. Fundi akiishika nyutro hiyo akiamini haina madhara, mwili wake ndio unakuwa njia ya kurudi.

Kwa sababu hiyohiyo swichi hufungwa kwenye waya wa moto. Ukiifunga kwenye nyutro taa itazimika vilevile, lakini holda inabaki na moto, na mama wa watu anapanda kiti kubadilisha glopu bila kujua.

Ampea nazo zipigiwe hesabu. Birika la wati 2,000 kwa volti 230 linavuta karibu ampea 8.7, pasi ya wati 1,000 karibu 4.3. Kwenye ekstensheni moja vinakaa sambamba, hivyo mikondo inajumlishwa: ampea 13. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya linaongezeka mara nne, ndiyo maana waya mwembamba huyeyuka.

Na kabla ya kugusa chochote, zima meini swichi. Jaribu mita yako mahali penye umeme, kisha pima moto na nyutro, moto na ethi, nyutro na ethi. Vipimo vyote vitatu, kila mara, hata mwenye nyumba akikuhimiza umalize haraka.